Barua ya wazi kwa Kiongozi wa Upinzani wa Victoria: mkataba wa Waaborijini msiufute

Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani,
Bunge la Jimbo la Victoria,
Melbourne, Australia.

Salamu kwako na kwa familia yako. Mimi ni mkaaji wa Shepparton, mzaliwa wa Fizi, Kongo ya mashariki, ujana wangu uliishia kambini Nyarugusu kule Kigoma, na leo ni raia wa nchi hii, napiga kura na kodi nalipa. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, manake sisi wa Kiswahili hapa tuko wengi, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na hii habari ya mkataba kati ya Jimbo la Victoria na Waaborijini, wenyeji wa asili wa hapa, hakuna kiongozi aliyekuja kutueleza kwa lugha yetu, tunasikia maneno ya kutisha tu. Binti yangu ataiweka kwa Kiingereza na kukutumia kwa imeli, kwa hiyo itakufikia na utaielewa.

Nilinyamaza sana, Mheshimiwa. Nilinyamaza Januari 2024 muungano wenu wa Liberal na Nationals mlipotangaza kwamba mkataba hamuutaki tena, nikanyamaza pia mliposema mkishinda uchaguzi wa Novemba 2026 mtaufuta ndani ya siku 100. Nilijiambia hayo ni ya wenyewe, mimi mgeni nichape kazi nilee watoto. Ila juzi nimefungua sanduku la barua nikakuta kijikaratasi, hakina jina la chama wala la mtu, kinasema eti mkataba wa Waaborijini utatufanya raia wa daraja la tatu, Waaborijini wa kwanza, Wazungu wa pili, sisi tuliokuja juzi wa mwisho kabisa. Na chini wameweka Kiswahili, kile kibovu cha kutafsiriwa na mashine. Maana yake kuna mtu alikaa chini akafikiria, hawa Waafrika wa Shepparton tuwaogopeshe.

Sikusingizii kwamba umekituma wewe. Ila kijikaratasi kile kimesimama juu ya ahadi yako, bila ile ahadi ya siku 100 kisingekuwa na la kusema. Na kimefanya kazi yake, maana jioni kazini, kwenye shedi ya kupaki matunda, wakati wa mapumziko nasikia ndugu zangu kabisa, watu tuliokula nao ugali wa kambini, wanasema sasa mnaona ndio sababu hatupati nyumba, pesa yote imeenda kwa wale. Wale! Chakula kilinishinda. Ndio nikaamua kuandika.

Ombi langu nakutajia mapema usije ukalitafuta: ile ahadi ya kufuta mkataba iondoe. Hadharani, kama ulivyoitoa.

Mheshimiwa, nikukumbushe kidogo, maana ahadi ni deni. Mwaka 2022 ulipokuja muswada wa kuunda Mamlaka ya Mkataba, chombo huru cha kusimamia mazungumzo ya mkataba, upande wenu mliukubali, mlisimama bungeni mkaunga mkono. Magazeti yaliandika na sisi tulisoma. Wazee wa Kiaborijini waliamini, wakasema safari hii vyama vyote viwili viko pamoja, jambo halitayumba serikali ikibadilika. Halafu ikaja ile kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023, ile ya Sauti ya Waaborijini, yaani kuweka kwenye katiba ya nchi nzima chombo chao cha kulishauri Bunge, ikaanguka, karibu asilimia 60 walisema hapana, na hapa Victoria kama asilimia 54, na huku kwetu mashambani hapana ilikuwa nyingi zaidi. Miezi mitatu tu baadaye nyinyi mkageuka. Mimi si mtu wa siasa lakini hesabu naijua, naona mliangalia zile kura mkasema hapa kuna mavuno. Kama kulikuwa na sababu nyingine mbona hamkuisema 2022, sheria ilikuwa mbele yenu mnaisoma?

Na ile kura ya maoni iliuliza kitu kingine. Iliuliza kubadilisha katiba ya Australia, haikuuliza kama Jimbo la Victoria likae mezani na watu wenye ardhi. Unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa nikueleze kwa nini mimi Mkongo hii kitu inaniuma, manake najua wapo watakaosema huyu inamhusu nini.

Sisi tuliletwa hapa. Mwaka 2005 familia za kwanza za Wakongo zililetwa Shepparton kwa mpango wa serikali, wengine tukafuata, na kazi tuliyoikuta ni matunda, peasi, pichi, aprikoti zile ndogo za njano, kuchuma, kupaki, kiwandani. Nilidhani sisi ndio wa kwanza kuletwa na shida kwenye haya mashamba. Hapana. Tarehe 4 Februari 1939 Waaborijini zaidi ya mia mbili wa Cummeragunja, ng'ambo ya mto Murray upande wa New South Wales, walibeba vyombo vyao wakatoka kwa pamoja kwenye kituo cha serikali walikofungiwa, kwa sababu ya njaa, manyanyaso ya meneja na hofu ya watoto kuchukuliwa, wakavuka mto kuja huku. Wengi wakaishia kwenye tambarare kati ya Mooroopna na Shepparton, panaitwa The Flats, wakajenga vibanda vya mabati ya kuokota na magunia, na wakafanya kazi gani? Matunda. Matunda yaleyale Mheshimiwa. Na mto ukijaa wanahama, ukipungua wanarudi.

Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipopita hapa, wakubwa wa mji walitundika magunia kando ya barabara ili asivione vile vibanda. Mara ya kwanza nilipohadithiwa na mzee mmoja pale mtoni nilikaa kimya, manake kambini kwetu vilevile, wageni wakubwa wakija tunafagiliwa njia moja tu, ile watakayopita, na wagonjwa wanaambiwa wakae ndani. Mtu aliyefichwa nyuma ya gunia mimi namjua. Nimekuwa huyo mtu.

Na hawa watu hawakuanza jana kuomba, hilo ndilo linanikasirisha zaidi, mnaongea kama vile mkataba ni wazo la juzi la serikali ya chama cha Labor. William Cooper, mzee wa Yorta Yorta, wenyeji wa asili wa huku, picha yake imechorwa kubwa ukutani mjini kwetu, kila mtu anaiona akienda dukani. Miaka ya 1930 huyu mzee, pensheni ndogo, afya mbovu, alizungusha ombi la kupelekwa kwa Mfalme wa Uingereza, akakusanya sahihi 1,814 kutoka kila pembe ya nchi, wakati huo hakuna simu ya mkononi, kwenye vituo vingine mtu kuonekana tu na karatasi ile ni hatari kwake. Aliomba nini? Watu wake wasiishe, na wawe na mtu wa kuwasemea bungeni. Mtu mmoja. Mwaka 1938 serikali ya Australia ikaamua ombi lisifike kwa Mfalme, likabaki kwenye makabati. Cooper akafa 1941.

Halafu 1994 watu wa Yorta Yorta wakaenda mahakamani kudai ardhi yao kwa sheria mpya iliyotoka baada ya kesi ya Mabo ya 1992, ile ambayo mahakama ilikubali kwamba wenyeji wa asili wana haki kwenye ardhi yao. Walisubiri miaka. Desemba 1998 jaji akaamua kwamba mawimbi ya historia yameziosha mila zao, kwa hiyo haki ya ardhi hawana, na Desemba 2002 Mahakama Kuu ya nchi ikakubaliana naye. Na unajua ni ushahidi gani uliwaumiza? Mmojawapo ni barua ya ombi ambayo mababu zao wenyewe waliandika 1881 wakiomba ardhi ya kulima, wakieleza kwamba ardhi yao yote imeshachukuliwa na serikali na walowezi. Ikasomwa mahakamani kama alama kwamba mila waliziacha. Yaani ulinyang'anywa, ukaandika kulalamika kwamba umenyang'anywa, na miaka zaidi ya mia moja baadaye malalamiko yako yanatumika kusema huna haki. Mimi nikisikia hiyo natetemeka, hata sasa naandika hii barua nafikiria itatumiwaje.

Kwa hiyo mahakama imewakatalia, Mfalme hakuletewa ombi, kura ya maoni imeanguka. Njia iliyobaki ilikuwa ni kukaa mezani na jimbo, mtu kwa mtu. Wakaipita hiyo njia kwa utaratibu wote mliotaka wenyewe. Sheria ya kwanza 2018. Uchaguzi 2019, Waaborijini wa Victoria kuanzia miaka 16 wakapiga kura kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Watu wa Kwanza, hapa watu wanaliita Assembly tu, na Desemba mwaka huohuo wakakaa kikao cha kwanza ndani ya jengo lenu la Bunge, Melbourne. Miaka zaidi ya themanini baada ya Cooper kuomba msemaji mmoja! Uchaguzi wa pili 2023. Mazungumzo rasmi yakaanza Novemba 2024. Sheria ikapita mwishoni mwa Oktoba 2025, na Novemba 13 mkataba ukasainiwa, wa kwanza wa aina hiyo nchini Australia nzima. Ni hatua gani waliyoiruka? Nitajie moja.

Watu wanadhani mjumbe wa Assembly ni mtu wa suti anakaa Melbourne anakula posho. Njoo huku kwetu uone. Aunty Geraldine Atkinson, mama wa Kiaborijini wa watu wa Bangerang na Wiradjuri, ambaye pamoja na Marcus Stewart walikuwa wenyeviti wa kwanza wa Assembly, yule mama ameanza kazi ya shule za watoto wa Kiaborijini tangu miaka ya 1970, akiwa msaidizi wa mwalimu darasani, kabla ya mtu yeyote kumwita mheshimiwa. Hao ndio wanaochaguliwa. Waliofuata, Ngarra Murray na Rueben Berg, ndio waliokaa na serikali mpaka maandishi yakakamilika. Na nyuma yao kuna wajumbe ambao hawaandikwi magazetini, wanazunguka na gari lao wenyewe, leo wako msibani, kesho wako kwenye mechi ya Rumbalara, klabu ya Waaborijini ya futiboli na netiboli, kesho kutwa jikoni kwa bibi fulani wanakunywa chai naye mpaka akubali kujiandikisha, manake bibi huyo kila aliposaini karatasi ya serikali maishani mwake alipoteza kitu.

Mjumbe mmoja wa huku, jina lake silitaji hajaniruhusu, tulimwalika kwenye ukumbi wa kanisa letu watu waulize. Alikuja peke yake jioni baada ya kazi. Hakuja na vipeperushi. Mzee wetu mmoja wa Kibembe akamuuliza kupitia mtoto wake, huo mkataba ukishapita mtatufukuza? Yule mama akanyamaza kwanza. Halafu akasema watu wake wamefukuzwa mara nyingi, wanajua inavyokuwa, hawawezi kuwa wao wa kumfukuza mtu. Akauliza na yeye: nyinyi kwenu kabla ya kuingia kijiji cha mtu mnafanyaje? Mzee akamwambia unamtafuta chifu, unakaa, unajitambulisha, unapewa mahali. Mama akasema basi ndiyo hiyo, sisi tumeisubiri tangu 1834, walowezi walipoanza kukaa huku. Ukumbi wote ulimwelewa, tafsiri haikuhitajika sana. Akabaki mpaka tunafunga milango, akisikiliza habari za kodi za nyumba na za watoto wetu wanaosumbuliwa mitaani, akiandika kwenye daftari. Hakuna kiongozi mwingine amewahi kuandika maneno yetu kwenye daftari pale. Hakuna.

Wewe njoo uandike na yako.

Na mkataba wenyewe una nini cha kutisha? Nimekaa nao pamoja na binti yangu ukurasa kwa ukurasa. Nyumba ya mtu haiguswi, shamba la mtu haliguswi, hakuna mtu anayelipwa fidia mfukoni. Assembly inakuwa ya kudumu ndani ya chombo kinaitwa Gellung Warl, inalishauri Bunge na kuwauliza mawaziri maswali juu ya mambo ya watu wake, lakini haina veto ya kuzuia sheria, Bunge lenu linabaki na mamlaka yote. Kuna sehemu ya kufuatilia kama serikali inatimiza inachosema. Kuna sehemu ya kuendelea kukusanya ukweli wa historia na watoto waufundishwe shuleni. Hayo ndiyo makubwa yake. Mimi kama ni wao ningeomba zaidi, nakwambia kweli.

Ukweli huo umeshakusanywa kwa jasho. Tume ya Yoorrook ilianza 2021, ikasikiliza wazee wakilia mbele ya watu, ikatoa ripoti ya mwisho mwezi wa saba 2025, ikaita jambo kwa jina lake, mauaji ya kimbari. Inasema kabla ya walowezi kukaa Portland mwaka 1834 watu wa kwanza wa eneo hili walikuwa kama 60,000, na kufika 1851 wamebaki kama 15,000. Miaka kumi na saba. Mmoja wa makamishna wake, Travis Lovett, alitembea kwa miguu kutoka Portland mpaka mlangoni kwa Bunge lenu, karibu kilomita 500, watu wakiungana naye njiani, alifika Juni 2025. Alifika mlangoni kwenu, Mheshimiwa.

Sisi Wakongo habari za mikataba tunazijua kuliko watu wengi duniani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimtuma mpelelezi Stanley apande mto Kongo akiwawekea machifu karatasi za lugha wasiyoijua, wachore alama, wapewe vitambaa, na kwa karatasi hizo 1885 nchi nzima ikawa mali ya mtu mmoja. Nikasoma hapa nikakuta 1835, miaka hamsini kabla, mlowezi John Batman naye aliwachorea wazee wa Wurundjeri, wenyeji wa Melbourne, karatasi namna hiyohiyo, mablanketi, visu, vioo, unga, eti kwa ekari 600,000. Na hata hiyo ya udanganyifu gavana wa Sydney aliifuta, si kwa kuwaonea huruma, aliifuta kwa sababu kuinunua kwao ni kukubali kwamba ardhi ni yao. Toka hapo mpaka 2025, hakuna. Waingereza walisaini na Wamaori Waitangi 1840, ng'ambo tu ya bahari hapo. Huku hawakusaini na mtu.

Na habari za watoto. Kongo ya Wabelgiji watoto machotara walichukuliwa kwa mama zao wakapelekwa kwa masista, majina yakabadilishwa, umri ukabadilishwa. Wanawake watano waliochukuliwa hivyo, sasa ni bibi wazee, waliishitaki Ubelgiji, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema ile ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Hapa Victoria sheria ya 1886 ilifanya nini? Ilifukuza machotara kwenye vituo, familia zikapasuka, watoto wakachukuliwa miaka na miaka. Nikikaa na mama wa Kiaborijini wa umri wangu tukianza kusimulia, tunamaliziana sentensi.

Na jambo la mwisho la kwetu, hili lisikie vizuri. Mimi nimezikimbia karatasi zilizochanwa. Mikataba ya amani ya Kongo: Lusaka 1999 walisaini. Sun City 2002 walisaini. Kila mara waliosaini walikumbatiana mbele ya kamera, halafu akaja mwingine akasema hiyo haikuwa yangu. Kwetu Fizi tuliozika ni sisi. Najua Victoria hamtashika bunduki, sifananishi hilo. Nasema tu mtu anayesema karatasi iliyosainiwa na jimbo ni ya chama fulani, si ya jimbo, mimi namwogopa, kwa sababu uraia wangu nao ni karatasi. Cheti changu kimesainiwa na serikali iliyokuwepo siku ile. Kama saini ya serikali inaisha serikali ikiondoka, mimi nimesimama juu ya nini? Watoto wangu wamesimama juu ya nini?

Wenzangu wanaofurahia kijikaratasi nawaambia hilohilo. Leo ni wao, kesho utasikia siku 100 za jambo lako.

Na mnavyotuambia shida zetu zimeletwa na mkataba, hapo naomba heshima. Mkataba umesainiwa Novemba 2025. Kodi ya nyumba yangu ilipanda kabla ya hapo, ikapanda tena, na mwenye nyumba hakuniuliza habari ya mkataba. Mama yangu yuko Nyarugusu mpaka leo, mzee, macho hayaoni vizuri, faili lake limekaa kwenye ofisi moja miaka mingi, kila nikipiga simu naambiwa linashughulikiwa, nimetuma vyeti, nimetuma picha, nimelipia vipimo mara ya pili kwa sababu vya kwanza vilipitwa na muda wakati wao wamevikalia. Usiku nikitoka shifti namkuta ameacha sauti kwenye simu, ananiuliza kama nimekula. Mgongo wangu umeharibika kwa makreti. Mafuriko ya Oktoba 2022 yaliingia mpaka kwenye magodoro, Mooroopna ilikatika, watu wa bima wanazunguka tu, na waliokuja na chakula cha moto bila kuuliza wewe ni nani, kadi yako iko wapi, walikuwa ni wamama wa Kiaborijini. Hao ndio leo naambiwa wamekula nyumba yangu! Mtu anayetaka kunisaidia anisaidie na faili la mama, asinipe jirani wa kumchukia.

Nimesikia hoja yenu kwamba mkataba unagawa watu, kwamba sote tuwe sawa. Neno zuri. Lakini mbona usawa unakumbukwa siku mwenye ardhi anapopewa kiti? Kwenye jela mmeuangalia? Kwenye wodi? Kwenye watoto wanaochukuliwa mpaka leo na idara za ustawi? Yoorrook ilifanya vikao juu ya hayohayo, maofisa wa serikali wenyewe wakakiri makosa mbele ya tume. Kiswahili tuna usemi, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji bado hajapona hapa, na mgeni ameshafika karibu miaka mia mbili.

Tumeona pia jimbo la Queensland. Mei 2023 walipitisha sheria ya njia ya mkataba, upinzani wa wakati ule wakapiga kura ya ndiyo, halafu baada ya kura ya maoni wakageuka, wakashinda uchaguzi Oktoba 2024, na mwezi uliofuata tu sheria ikafutwa na tume ya ukweli ikafungwa, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kusikiliza watu. Wazee waliokuwa wamejiandaa kusema mambo ambayo hawajawahi kuwaambia hata watoto wao wakaambiwa basi, rudini. Wazee wa huku wananiambia wanaogopa hilohilo. Mjumbe yule niliyemtaja, mara ya mwisho nilipomwona sokoni alikuwa amechoka usoni, anasema kazi yote sasa ni kuwatuliza watu, badala ya kufanya kazi mkataba uliyoileta wanakaa wanahesabu siku za uchaguzi. Unafanya kazi ya miaka na mtu mmoja kwenye kampeni anakuwekea saa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimeandika mengi lakini naomba lile moja. Ondoa ile ahadi. Kama huwezi kuiondoa yote kwa sababu ya chama, basi sema mtaacha muda, sema mtakaa na Assembly kwanza. Kama hata hilo ni gumu, njoo. Njoo Mooroopna, pita mtoni pale The Flats na wajumbe wa huku wakuoneshe vibanda vilikuwa wapi, halafu uje ukumbini kwetu, sisi tutapika, wamama watakaa mbele, uwaambie kwa mdomo wako unafuta nini na kwa nini. Bila kijikaratasi. Na ukumbuke kura yenu ya 2022 wakati unaongea, kwa sababu tutaiuliza.

Usipokuja tutajua pia, na Novemba tunapiga kura. Hii si vitisho, ni haki yangu mliyonipa nyinyi wenyewe siku niliyoapa.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa wajumbe wa Assembly wa kanda yetu, ili wajue kwamba kuna watu wa Kiswahili hapa mjini hawakukubali kutumiwa dhidi yao. Anwani binti yangu ameiweka kwenye imeli. Nasubiri jibu lako, na ahadi ile nasubiri iondolewe.

Wako kwa heshima,
Mkaaji wa Shepparton, nchi ya Yorta Yorta